Kwa mwalimu anayeripoti kituo chake cha kwanza

Niliripoti Newala, mkoani Mtwara, mwaka 1984, binti wa miaka 22 kutoka Njombe, nikiwa na cheti cha ualimu cha Daraja A, sanduku la bati na godoro. Nimestaafu 2022, nimefundisha shule za msingi miaka 38. Kila ajira za walimu zinapotangazwa, vijana wa ukoo na wa mtaani huja kuniaga, na swali lao ni moja: "Mama, huko kijijini kukoje?" Wanauliza maji, umeme, mtandao na nyumba. Nawajibu hayo kwanza, maana ni haki yao kujua. Kisha nawasimulia habari za mvulana wa Darasa la Tatu.

Alikuwa mrefu kuliko wenzake, kwa hiyo nilimkalisha dawati la mwisho. Daftari lake lilikuwa aibu: sentensi zinaishia katikati, 8 imeandikwa 3, hesabu kumi anafanya mbili. Nilimwandikia "MVIVU" kwa kalamu nyekundu, tena si mara moja. Nilimchapa pia. Kwa mdomo alikuwa hodari. Ukimuuliza kitu anajibu kabla hujamaliza, na hilo ndilo lililozidi kunikasirisha. Nikajiambia, huyu ana akili ila hataki kazi.

Siku moja ya Februari mvua ilinyesha, paa likavuja upande wa nyuma. Nikawahamishia wote mbele, wengine wakakaa sakafuni karibu na miguu yangu. Nikaandika hesabu kumi. Yule mvulana akafanya zote, akapata tisa. Nilidhani amenakili kwa jirani. Nikafuta ubao, nikaandika nyingine, akafanya tena. Watoto walipotoka nilimbakiza, nikamrudisha kwenye dawati lake la nyuma, nikamwambia asome nilichoandika. Akakunja uso, akasema, "Mwalimu, huko mbele kuna vumbi."

Hakujua kwamba wenzake hawalioni vumbi hilo. Tangu azaliwe dunia yake ilikuwa hivyo, angewezaje kulalamika?

Nikakaa pale pale kwenye dawati lake nitazame mwenyewe. Na mimi, mwenye macho mazima, nusu ya ubao sikuiona. Ulikuwa umechujuka ukawa mweupe, na mwanga wa dirisha la kushoto ulikuwa unaupiga. Nilikuwa nimefundisha darasa lile zaidi ya mwaka bila kukaa kule nyuma hata dakika moja. Jumamosi tulisaga makaa ya betri kuukuu za redio, tukachanganya na majani ya matembele yaliyopondwa, tukaupaka ubao ukawa mweusi tena. Jumatatu nilimwomba radhi mbele ya darasa zima. Mwenzangu mmoja aliniambia nimejishusha, kwamba mwalimu hamwombi radhi mtoto. Nilimheshimu, kwa kuwa alinitangulia kazini, lakini sikukubaliana naye, na leo nikikumbuka bado sikubaliani. Mtoto yule alichapwa kwa kosa la macho yake, naye hakuwa na mahali pa kukata rufaa isipokuwa kwangu. Miwani hakuipata hadi alipomaliza la saba. Alikaa dawati la kwanza, nami nikajifunza kuandika kwa herufi kubwa.

Wanangu, mtapewa fimbo. Katika shule nyingi ipo juu ya kabati la ofisi, na hakuna atakayewaeleza kanuni. Tangu 2002 kanuni zinasema viboko visizidi vinne, mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu au yule aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Zisomeni wenyewe. Mimi nilipoanza kuwauliza watoto kabla ya kuwaadhibu, fimbo ilikosa kazi, nikaiacha kabisa miaka mingi kabla ya kustaafu.

Kitabu cha mahudhurio nacho kina lugha yake, na lugha hiyo haifundishwi chuoni. Kule Newala msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, alama za utoro hujaa. Mwanzoni niliita wazazi na kuwafokea. Baadaye nikaenda mashambani nikakuta familia nzima imehamia huko, mtoto anaokota korosho na kulea mdogo wake, bibi ni mgonjwa. Si kwamba utoro ni sawa. Ila mzazi aliyekuona shambani kwake, umeketi kwenye mkeka wake na kunywa maji yake (na kwenye ule uwanda wa juu wa Makonde maji ni mali), husikia unachosema kuhusu mwanawe kuliko yule uliyemwandikia barua ya wito. Jifunzeni salamu za wenyeji wiki ya kwanza. Na watoto wa watu msiwatumie kulima mashamba yenu. Kijiji kinaona hata kama hakisemi.

Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, nilipokea watoto 163 darasa la kwanza, chumba kimoja. Wingi huo hukatisha tamaa, sitawadanganya. Nilichoweza ni kuchagua watoto watano kila siku na kukaa na kila mmoja dakika chache, daftari lake mbele yetu. Hadi mwezi wa tatu nilikuwa nimewafikia wote, na majina nayajua.

Sasa pesa. Mwaka 2009 nilitaka ada ya binti yangu sekondari, nikakopa laki tatu kwa mtu wa mtaani nikamwachia kadi ya benki na namba ya siri. Kwa miezi 14, kila mshahara ulipotoka nilisimama kando ya mashine akatoa yeye, akahesabu, akanipa kilichobaki. Aibu ile niliizoea. Ila nyuma ya andalio la somo nilikuwa naandika hesabu za riba huku watoto wakinakili ubaoni, na walioingia darasa la kwanza mwaka ule siwakumbuki. Kadi yako usimpe mtu. Jiunge na SACCOS ya walimu, yaani ushirika wa akiba na mikopo, mapema, weka hata kidogo, ili shida ikija ukope mahali penye karatasi.

Na karatasi zenyewe tunzeni: barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za kupanda daraja, hati za mishahara. Mifuko minne ya pensheni ilipounganishwa 2018 ikazaliwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, mimi nilikuwa na faili langu kamili. Hata hivyo, wakati wa kustaafu michango ya miezi kadhaa haikuonekana, na hati zangu kuukuu ndizo zilizonitetea.

Mtakapofika, mtapokelewa, mtaonyeshwa nyumba, mtapewa vipindi. Kabla hamjafundisha kipindi cha kwanza, ingieni darasani wakati watoto wako nje. Andikeni sentensi moja ubaoni, nendeni mkakae dawati la mwisho, upande wa dirisha, saa nne asubuhi jua likiwa limeshapanda, mwone kama mnaweza kuisoma.