Unataka kufungua mkahawa Nakuru? Anza na chai

Wengi wanaonijia kutaka ushauri kuhusu mkahawa huanza na mashine ya kahawa. Ninunue ipi? Ya vichwa viwili, yaani sehemu mbili za kutolea kahawa, au kimoja? Mpya au iliyotumika? Mimi huwaambia mashine itasubiri. Katika mji kama Nakuru, jambo la kwanza ni chai yako ikoje.

Kenya hulima kahawa inayosifiwa dunia nzima, lakini karibu yote huuzwa nje. Nyumbani tumelelewa na chai ya maziwa. Karani wa benki anayetoka saa nne asubuhi, wakili anayevuka barabara kutoka mahakamani, mkulima wa Njoro aliyekuja mjini kununua mbolea, wote hao wakikaa chini, kinachowajia mdomoni kwanza ni "niletee chai". Mkahawa unaowapa kikombe cha maziwa vuguvugu na kifuko cha majani kinachoelea juu unawatukana. Mtu hawezi kulipa shilingi 150 kwa kitu ambacho mama yake angekimwaga, kisha arudi kesho.

Kwa hiyo pika chai kwa bidii ile ile unayoiweka kwenye kahawa. Kericho na Nandi ziko jirani, majani mazuri hayana shida kupatikana. Maji na maziwa nusu kwa nusu, tangawizi mbichi iliyopondwa asubuhi hiyo hiyo, na uvumilivu. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Chai yetu inahitaji dakika zaidi jikoni ndipo majani yatoe nguvu. Iache ipande, ishushe, ipande tena. Weka kwenye themosi kidogo kidogo. Ikikaa zaidi ya saa moja, pika nyingine.

Kimo hicho hicho ni baraka kwa kahawa ya kuchuja. Vitabu vya ng'ambo vinakwambia usubiri maji yapoe kidogo baada ya kuchemka, yafike kati ya nyuzi 90 na 96. Hapa kwetu yakichemka tu yako tayari. Mimina.

Chai ndiyo inayoleta watu na kulipa kodi ya nyumba. Kahawa ndiyo inayokupa jina, na faida yake kwa kikombe ni kubwa kuliko ya chai. Kazi yako ni kuwavusha watu kutoka kwa moja kwenda kwa nyingine bila kuwahubiria. Mzee mmoja wa Molo aliingia kwangu akisubiri kesi yake itajwe.

"Mama, nipe kahawa, lakini isiwe chungu."

"Sawa mzee. Chai yako huwa na maziwa mengi?"

"Mengi kabisa."

"Basi nitakutengenezea ya maziwa. Sukari iko hapo mezani, lakini onja kwanza."

Akaonja, akatia kijiko kimoja, akakoroga, akaonja tena. "Hii mmeitoa wapi?"

"Solai, mzee."

"Solai hii yetu?"

Alikuwa amekaa Nakuru kaunti maisha yake yote bila kunywa kahawa iliyokuzwa ndani ya kaunti hiyo. Siku hizi akija mjini huja na vijana wake. Kahawa hulimwa Solai, Subukia na Bahati, na ukielekea magharibi kuna Kipkelion na miteremko ya Mlima Elgon. Mwambie mteja ilikotoka, kwa sentensi moja, kisha umwache anywe. Jina la mahali anapopajua lina nguvu kuliko maelezo yote ya harufu za matunda na maua.

Sasa niseme habari ya maji, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteza kahawa nzuri bila kujua sababu. Sote tunajua maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Tumeona meno ya rangi ya kahawia tangu utotoni. Kuyachemsha hakuiondoi floraidi, na ukiyachemsha sana unaizidisha, kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki. Hilo ni suala la afya ya mteja na ya wafanyakazi wako wanaokunywa hapo kila siku. Lakini kuna suala la ladha pia. Maji mengi ya visima huku yana bikaboneti, yaani yana umagadi, na umagadi huo huua ule uchachu mtamu ambao kahawa ya Kenya inasifiwa nao. Unanunua kahawa ya daraja la AA kwa bei ya kuumiza, unaimwagia maji ya namna hiyo, inatoka kama maji ya ugali.

Jaribu mwenyewe. Chukua kahawa ile ile, kipimo kile kile, pika kikombe kimoja kwa maji ya bomba lako na kingine kwa maji ya chupa yenye chumvichumvi kidogo (kiasi kimeandikwa kwenye lebo). Mpe mtu asiyejua kitu kuhusu kahawa aonje vyote viwili. Akisema havitofautiani, una bahati, endelea. Akikunja uso kwa kimoja, basi pesa ulizotenga kwa viti vya kupendeza zipeleke kwenye chujio la kusukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba, lile linaloondoa floraidi na chumvi pamoja. Mashine ya kulainisha maji peke yake haiondoi floraidi, usikubali fundi akuuzie hiyo kwa jina hilo.

Maziwa nayo yanahitaji jicho. Tuna bahati, ng'ombe wako Njoro, Molo, Bahati, na mtu wa bodaboda anakufikishia mlangoni kabla jua halijapanda. Nunua laktomita, chombo kidogo cha bei nafuu, na upime kila asubuhi mbele ya anayeleta, kwa heshima, bila kumshuku. Maziwa yaliyoongezwa maji utayajua, na anayeleta akishajua unapima, mambo yananyooka. Yapashe moto ipasavyo kuua vijidudu, yapoze haraka, yaweke baridi. Povu la kapuchino hutoka kwa maziwa baridi ya siku hiyo. Yaliyolala hupanda kwa mapovu makubwa kama ya sabuni, kisha yanaanguka kabla kikombe hakijafika mezani. Wakati wa kuyapasha kwa mvuke, mshike barista wako, yaani mtengenezaji kahawa, mkono umfundishe: kiganja kwenye ubavu wa jagi, na joto likifika pale kiganja kinashindwa kuvumilia, funga mvuke. Hapo ni nyuzi 60 na kitu. Ukipita 70 utamu unaondoka na harufu ya maziwa yaliyoungua inaingia. Kuanzia Januari hadi mvua zianze, maziwa hupungua na bei hupanda, kwa hiyo patana na wafugaji wawili, si mmoja.

Hesabu ya kikombe ijue kichwani. Espreso mbili kwa pamoja, ndizo za kikombe kimoja, hula gramu 18 za kahawa. Kilo moja ingetoa vikombe 55, lakini kuna za kurekebishia kisagio asubuhi na zinazomwagika, kwa hiyo hesabu 50. Tuseme kilo umeinunua shilingi 1,500: kahawa ndani ya kikombe ni shilingi 30. Lita ya maziwa inatoa kapuchino sita. Ikiwa ni shilingi 60, ongeza 10. Ongeza sukari, kitambaa cha karatasi, kikombe cha kubeba kama anaondoka nacho. Hapo mtu anaona anauza 200 na anaanza kushangilia. Ngoja. Kodi ya nyumba ikiwa 45,000, kila siku unapofungua mlango unadaiwa 1,500 kabla hujauza kitu, na ukipumzika Jumapili deni la kila siku linapanda. Juu yake weka mishahara, tokeni za stima, gesi. Gawanya jumla hiyo kwa kile kinachobaki kwenye kikombe kimoja, utajua unahitaji vikombe vingapi kwa siku. Idadi hiyo iandike ukutani jikoni ili kila mfanyakazi aione.

Na kodi ya serikali usiisahau katika bei. Tangu Julai 2023, biashara ndogo zenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka zilipandishiwa kodi ya mauzo hadi asilimia 3. Hiyo ni asilimia ya mauzo, hata mwezi ambao hukupata faida. Leseni ya kaunti, cheti cha zimamoto na vyeti vya afya vya kila anayegusa chakula vitafute mapema. Vyeti vya afya hurudiwa kila miezi sita.

Mahali pa kufungua hapapimwi kwa uzuri wa jengo. Kaa ng'ambo ya barabara saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi na moja, siku ya kazi na Jumamosi. Tazama watu wanaopita wanakwenda wapi na kama wana dakika kumi. Umati wa stendi ya matatu unakimbia. Watakununulia andazi na chai ya kubeba, hawatakaa. Watu wa mahakama, hospitali na ofisi za saco wanasubiri, na anayesubiri anahitaji kiti. Milimani na Section 58 wakaazi wana pesa ila wanatoka jioni na wikendi. Huku ndani ya mji, biashara ni asubuhi: kama hujafungua saa kumi na mbili u nusu, umeshamkosa yule ambaye angekuja kila siku. Na huyo wa kila siku ndiye mkahawa wenyewe. Mtalii anayetoka kutazama ndege ziwani tunamkaribisha kwa moyo, lakini haji tena.

Chakula chako kiwe kichache na cha moto. Mahamri, sambusa, chapati na mayai, keki ya ndizi. Harufu ya sambusa inayotoka kwenye mafuta inauza kuliko bango lolote.

Fundisha watu wawili mashine, daima. Barista mzuri Nakuru leo, mwakani yuko Doha au Dubai, na hupaswi kumlaumu. Msherehekee, mwandikie barua nzuri. Lakini asiondoke na ujuzi wote. Mlipe mshahara tarehe iliyoahidiwa hata kama wewe hujajilipa. Malipo yote ya M-Pesa yapite kwenye tili ya biashara, yasipite kwenye simu yako wala ya mhudumu, ili jioni hesabu isikutese na pesa za unga wa nyumbani zisichanganyike na za maziwa ya kesho. Stima hupotea, kwa hiyo kahawa ya kuchuja na jiko la gesi viwe tayari kila wakati. Mteja asiambiwe "leo hakuna kitu" kwa sababu ya waya.

Kuhusu mkataba wa nyumba: ukikuta mpangaji anayetoka anadai gudwili, yaani pesa za kukuachia nafasi, usilipe kabla hujakaa na mwenye nyumba mwenyewe na kuhakikisha mkataba mpya una jina lako. Omba mwezi mmoja wa matengenezo bila kodi. Wengi hukubali ukiomba kabla ya kutia sahihi, na hakuna anayekubali baadaye. Hakikisha imeandikwa nani anayegharimia waya za kubeba umeme wa mashine, kwa kuwa mashine ya vichwa viwili inaweza kula kilowati tatu au zaidi na soketi za duka la nguo hazitaihimili. Na usiahidi kufungua Januari. Mwezi huo karo za shule zimemaliza mifuko ya kila mtu mjini, na chumba kipya kitaonekana kitupu hata kama chai yako ni nzuri. Aprili au Mei, mvua ikinyesha na baridi ikianza kushuka kutoka Menengai, watu wenyewe watatafuta mlango ulio wazi.