Birika lile kule Maji ya Chai

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mateso ya mtu ni mavuno ya dhambi zake. Hilo nawaachia wachungaji. Mimi nauliza nani alimpa jirani kibali cha kulitamka mbele ya mwenye shida.

Sisi wa Maji ya Chai, huku Arusha, tunayajua matege. Jumuiya ilikuwa kwa mama mmoja jirani yetu. Alishapika makande, ameyatia magadi yakalainika vizuri. Mwanawe, miguu imepinda hata magoti hayakutani, akawa anapita na birika na beseni kunawisha wageni. Alipomfikia bibi mmoja, mzee wa kanisa, yule bibi akaitazama ile miguu, mikono bado iko juu ya beseni, akasema wala hakupunguza sauti: "Mama, tubu. Huyu mtoto analipia kitu." Wote tulielewa. Mtoto alizaliwa kabla ya ndoa. Mama hakujibu. Akampokea mwanawe birika, akamnawisha bibi mpaka akamaliza, akahamia kwa aliyefuata. Sala ya chakula ilichelewa, hakuna aliyetaka kuianza.

Rafiki zake Ayubu walikaa naye siku saba kimya. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu.

Miamba ya volkano ya Mlima Meru inatia floraidi, aina ya madini, kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapa nchini kwa miaka mingi iliruhusiwa hadi 4. Magadi nayo yanaongeza. Ikizidi, meno ya watoto yanakuwa ya kahawia, na baadaye mifupa inapinda. Pale Ngurdoto kuna kituo kinachoichuja kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Na yule bibi, akicheka, meno yake ni ya kahawia tupu.

Nilikaa kuandika nikitaka watu wa aina yake wavuliwe uzee wa kanisa. Sasa sina hakika. Ana wajukuu wanaochota bomba lile lile. Kama kosa ni la mama yule, wajukuu wa bibi wamepona. Huenda ilikuwa hofu. Lakini angeogopa kimya kimya.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Au tuseme dhambi huenda ipo, ila muitafute kwa aliyekijua kipimo cha maji yale akaacha watu wachote. Kama yupo, maana simjui.

Msomaji, Arusha