Madereva wa semi, tuongee kuhusu kiuno

Wakuu habari zenu, leo tuache mambo ya mizigo na bei ya dizeli. Makundi ya WhatsApp ya madereva wa huku Marekani niliyomo haipiti wiki bila mtu kuandika "jamani kiuno kinaniua, mnatumia nini?" na majibu ni yale yale, meza Advil, vaa mkanda, lala sakafuni, mwingine anatuma picha ya mizizi. Yangu mimi ilikuwa inaanzia juu kidogo ya tako la kushoto inashuka nyuma ya paja mpaka kwenye kigimbi, nikipiga chafya inachoma mpaka chini.

Kwa kairoprakta, yaani mtaalamu wa kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono, wala sikwenda kwa ajili ya kiuno. Nilienda kupimwa afya nipate kadi ya DOT, ile inayoonyesha dereva ana afya ya kuendesha lori, maana kwenye majimbo mengi kairoprakta naye anaruhusiwa kupima madereva akishasajiliwa. Akaniambia inama uguse vidole vya miguu, nikawa nashuka huku nimejishikiza mapajani, akaniuliza hiyo imeanza lini. Basi akanilaza chali, akanyanyua mguu ukiwa umenyooka, akagonga magoti na kale kanyundo, akaniambia tembea kwa visigino halafu kwa vidole. Hapo anaangalia kama mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni umebanwa na kama mguu bado una nguvu. Ukienda kwa mtu akataka kukugeuza geuza kabla hajakuuliza wala kukupima hivyo, vaa viatu uondoke.

Sasa kwa nini sisi? Mgongo wa chini una pingili 5 na katikati yake kuna diski, yaani vile vijito laini vinavyotenganisha pingili, na diski zile mbili za chini kabisa ndo huwa zinasumbua watu wengi zaidi. Dereva anakaa masaa, kiti kinatetemeka, misuli ya kiuno imelala, halafu anafika anaruka kutoka kwenye kebini, palepale anaenda kuvuta ile hendo ya kuachia trela, ile ambayo ikiwa na kutu unavuta kwa mwili mzima huku umejipinda upande mmoja. Yaani mzigo mkubwa kuliko wote wa siku unaupa mgongo dakika ambayo haujajiandaa kabisa! Siku hizi nikifika nashuka taratibu nikiangalia lori, mikono miwili kwenye vishikio, naizunguka trela kwanza, naangalia matairi na taa, nikisharudi mbele ndo nagusa hendo. Na ile mapumziko ya lazima ya dakika 30 baada ya masaa 8 ya kuendesha siimalizi nikiwa nimekaa kwenye simu, natembea pakingi nzima. Waleti pia itoke mfuko wa nyuma.

Matibabu yenyewe: unalala ubavu, mguu wa juu umekunjwa, anashika bega kwa mkono mmoja na nyonga kwa mwingine, anakwambia pumua, anasukuma mara moja kwa haraka, unasikia "ka!" Wengi wanadhani ule mlio ni mfupa uliotoka umerudi mahali pake, hapana, ni gesi iliyoko kwenye majimaji ya kiungo. Mfupa haukuwa umetoka popote. Kinachotokea ni kiungo kinalegea na maumivu yanapungua kwa muda, na huo muda ndo wa kufanya mazoezi aliyokupa, usipoyafanya utakuwa unarudi kulipa tu. Kesho yake mwili unaweza kuuma uma kidogo, ni kawaida.

Sio uganga. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani, American College of Physicians, mwaka 2017 kilishauri maumivu mapya ya kiuno yaanze na joto, masaji, akupancha (kuchomwa visindano vyembamba) au hii ya kunyoosha mgongo kwa mikono kabla ya kukimbilia vidonge. Ila nafuu yake ni ya kiasi, na maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ukiendelea kutembea, kulala kitandani wiki nzima kunazidisha.

Mambo haya yalianzia Davenport, Iowa, mwaka 1895, kwa jamaa anaitwa Daniel David Palmer, mnaopita barabara kuu ya I-80 mnapapita kila siku, karibu na ile stendi kubwa ya malori ya Walcott. Palmer aliamini magonjwa karibu yote yanatokana na mgongo, na mpaka leo wapo wanaofuata hiyo imani, watakwambia wanatibu presha, sukari, pumu. Hapo mimi naachana nao. Vilevile akikuuzia pakeji ya mwaka mzima ulipe kabla, kataa, lipa unapoenda, na ikipita wiki kadhaa hakuna badiliko acha. Shingo yangu siruhusu ivutwe kabisa, kuna visa vichache vya mishipa ya damu kuchanika na mtu kupata kiharusi, na mimi shida yangu iko kiunoni.

Kuna hali ambazo usiende kwa kairoprakta hata awe rafiki yako. Ukihisi ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, mkojo umegoma au unatoka wenyewe, mguu umeishiwa nguvu ghafla, paki lori popote salama piga 911, namba ya dharura ya huku, hiyo inaweza kuhitaji operesheni ya haraka na ukichelewa unaweza kubaki na ulemavu. Homa, kukonda bila sababu, jasho la usiku, maumivu yasiyotulia hata ukilala, au umewahi kuwa na kansa, nenda hospitali upimwe kwanza. Na sisi tuliotoka Afrika Mashariki tusisahau TB ya mgongo, mwambie daktari ulikotoka maana huku wengi haiwajii haraka kichwani.

Walioko nyumbani mnaoniuliza inbox, kairoprakta huko ni wachache na wengi wako miji mikubwa, mtafute mfiziotherapia wa hospitali, mazoezi yenyewe ni yale yale.