Gari la zamani linalozima kwenye sailensi: tafuta hewa ya wizi kabla ya kununua kifaa

Ndugu, umeeleza kwamba gari lako la petroli, la mfumo wa nozeli na la miaka mingi, linawaka bila shida na kukimbia vizuri, lakini ukiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta na kusimama, injini inatetemeka, mzunguko unaanguka na gari linazima. Umeshabadilisha plagi na pampu ya mafuta, na sasa umeshauriwa ununue vali ya sailensi, yaani ile inayopitisha hewa injini inapozunguka bila kukanyagwa mafuta. Nakuomba usiinunue kwanza. Mimi nilipita njia hiyohiyo na gari langu la silinda nne: nilibadilisha plagi, pampu na vali hiyo, na ugonjwa ukabaki palepale kwa miezi kadhaa.

Injini nyingi zikishapata moto hukaa kwenye sailensi kwa mizunguko kati ya 650 na 850 kwa dakika. Wakati huo kisahani cha throtali, kinachofungulia hewa unapokanyaga mafuta, kimefungwa karibu kabisa, na injini inaishi kwa hewa kidogo sana ambayo kompyuta inaipima ili iichanganye na petroli kwa uwiano wa takriban 14.7 kwa 1 kwa uzito. Mpira wa kupitishia hewa ukipasuka baada ya sensa ya kupima hewa, hewa nyingine huingia bila kuhesabiwa, na mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu. Ukiwa mwendoni, hewa hiyo ya wizi ni sehemu ndogo mno ya hewa yote inayoingia, kwa hiyo huihisi. Ukisimama, inakuwa sehemu kubwa, na injini inashindwa kujibeba. Ndiyo maana gari linaweza kukimbia vizuri kabisa kisha likazima mara tu unaposimama. Pampu dhaifu kwa kawaida hufanya kinyume chake: hujionyesha gari linapopanda mlima au linapobeba mzigo, kwa sababu hapo ndipo petroli nyingi inapohitajika. Laiti ningelijua hilo mapema, nisingeigusa pampu yangu.

Kilichonifungua macho ni kipimo cha kusomea kompyuta ya gari, ambacho siku zote nilikuwa nakitumia kutafuta namba za hitilafu tu. Safari hii nilitazama asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kusawazisha mchanganyiko. Kwenye sailensi ilikuwa inaongeza asilimia 22. Nilipopandisha injini hadi mizunguko 2,500 na kuishikilia hapo, nyongeza ilishuka hadi asilimia 4. Nyongeza ikiwa kubwa chini na ndogo juu, dalili inaelekea kwenye hewa inayovuja. Ikiwa kubwa kote, au ikizidi kupanda unapokanyaga mafuta, hapo ndipo ushuku msukumo wa petroli au sensa ya hewa iliyochafuka. Kipimo hiki huchukua dakika chache na hakihitaji kufungua hata nati moja.

Baada ya hapo nilifanya kazi ya mikono. Injini ikiwa inanguruma, niliubana kila mpira wa hewa mmoja baada ya mwingine kwa koleo lililofungwa kitambaa, nikisikiliza kama sauti itabadilika. Mipira yote ya juu, niliyokuwa nimeikagua mara nyingi kwa macho, ilikuwa mizima. Ndipo nilipoupeleka mkono chini ya manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, kwenye kiwiko cha mpira unaorudisha mvuke wa oili kutoka kwenye injini, na kidole changu kikazama ndani. Mpira ulikuwa umelainika kwa oili na kuchanika upande wa chini, mahali ambapo huwezi kupaona bila kioo. Nilipoziba mpasuko kwa kidole gumba, mtetemo ulikoma papo hapo na injini ikatulia. Kipande chenyewe hakikuzidi urefu wa kidole. Kwa hiyo usiridhike na kutazama: pinda kila mpira, uguse upande usioonekana, na uanze na kiwiko hicho.

Wengine hupulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio ili waone kama mzunguko utabadilika. Njia hiyo inafanya kazi, lakini dawa hiyo inashika moto haraka, na eksozi pamoja na nyaya za plagi zipo karibu, hivyo mimi siipendi kwenye injini iliyopata moto. Gereji yenye mashine ya moshi, inayopuliza moshi ndani ya njia za hewa ili utokee penye mpasuko, itakuonyesha tatizo kwa usalama zaidi. Usisahau pia sevo ya breki, inayotumia mvuto wa hewa wa injini kukurahisishia kukanyaga: kama injini inayumba kila unapokanyaga breki, huenda kiwambo cha ndani kimechanika, na hilo ni jambo la kushughulikiwa siku hiyohiyo kwa sababu linagusa breki zenyewe.

Ikiwa hewa haivuji popote, safisha throtali. Utando mweusi unaojikusanya kuzunguka ukingo wa kisahani huziba njia ile ndogo ya hewa ya sailensi, na katika magari ya zamani nimeuona mnene kama masizi ya sufuria. Tumia dawa maalumu na kitambaa laini. Baada ya kusafisha, mzunguko unaweza kuwa juu kwa muda hadi kompyuta izoee hali mpya. Baadhi ya magari yana utaratibu wake wa kuifundisha upya. Tafadhali usiguse skrubu ya kisahani ili kupandisha sailensi kwa nguvu. Fundi mmoja alinifanyia hivyo, gari likaacha kuzima kwa wiki moja, kisha tukawa na matatizo mawili badala ya moja.

Angalia vilevile gari linazima wakati gani. Likizima likiwa la moto tu, na ukasikia harufu ya petroli au kuona moshi mweusi, shuku sensa ya joto la maji, kwa kuwa inaweza kuidanganya kompyuta kwamba injini bado ni baridi na hivyo petroli ikamiminwa kupita kiasi. Vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi wa eksozi ndani ya injini, ikikwama wazi kwa kaboni nayo huleta mtetemo na kuzima kwenye sailensi, huku gari likikimbia vizuri barabarani. Na kama gari lako ni la otomatiki, jaribu hili: simama likiwa ndani ya gia, kisha urudie likiwa nyutro. Likizima kwenye gia tu, kwa mshtuko kama la manyuali ambalo hukukanyaga klachi, tatizo linaweza kuwa kwenye gia boksi, klachi ya toki konveta (kiungo kati ya injini na gia boksi) ikiwa haiachii, na utakuwa unaitafuta injini makosa bure.

Hadi utakapolitengeneza, kumbuka kwamba injini ikizima mwendoni usukani unakuwa mzito, na sevo ya breki inabakiwa na akiba ya kukanyaga mara chache tu. Usipampu pedali, ikanyage mara moja kwa nguvu na uishikilie hadi gari lisimame.

Anza na kusoma zile asilimia kwenye sailensi na kwenye mizunguko 2,500, injini ikiwa imepata moto na kiyoyozi kimezimwa, kisha uniletee namba zote mbili.