Swali la Lugha: Hisa iliyochujwa imebaki au imetoka?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natafsiri programu ya simu ya kununua na kuuza hisa za soko la New York. Kuna kitufe cha kutafutia hisa ambazo bei zake zinaelekea chini. Nimeandika "Chuja hisa zinazoshuka". Mwenzangu anasema nimewaambia watu waziondoe, na yeye anataka "hisa za dubu". Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Kwenye kuchuja, mwenzako. Kwenye dubu, hapana.

Kuchuja kuna pande mbili. Jikoni, anayechuja nazi anataka tui. Machicha hubaki kwenye kifumbu. Kilichochujwa ndicho kinachotakiwa. Lakini siasa na mpira vimekigeuza kitenzi hiki: mgombea aliyechujwa na chama amekwisha kurudi kwao, na timu iliyochujwa hatua ya makundi imeaga mashindano. Kwa watu na vitu vinavyohesabika, maana hii ya kuondolewa ndiyo inayotangulia kichwani siku hizi, na hisa zinahesabika. Basi anayewinda hisa za kuuza kabla bei haijaporomoka zaidi, akisoma kitufe chako, atadhani kitamfutia zile zile anazozitafuta.

Usilitupe neno, badilisha yambwa, yaani kile kinachotendwa. Kinachochujwa kiwe soko zima: "Chuja hisa zote, bakiza zinazoshuka." Kitufe kikiwa kidogo, andika "Onyesha zinazoshuka", yatosha. Nomino haina shida: kifaa ni kichujio, na masharti yake ni vigezo. Kwa mfano, bei ya kufunga, yaani ya mwisho wa siku sokoni, iwe chini ya wastani wa bei za siku 50 zilizopita, wastani huo nao uwe chini ya ule wa siku 200, na hisa iwe inauzwa kwa wingi kila siku, mtu asije akakosa wa kumuuzia.

Hapo chunga njeo, yaani wakati wa kitenzi. Kichujio husoma bei zilizokwisha kupita. "Zilizoshuka" linathibitika, "zinazoshuka" linavumilika, "zitakazoshuka" ni ramli. Nimeliona hilo la tatu kwenye matangazo, na sishangai kwa nini wanalipenda.

Sasa dubu. London ya karne ya 18, mtu aliyeuza hisa asizonazo, akitumaini kuzinunua baadaye kwa bei ya chini, alifananishwa na muuza ngozi ya dubu ambaye bado hajamkamata dubu mwenyewe. Methali ni yao na mnyama ni wao. Leo Wamarekani huliita soko la dubu likishuka asilimia 20 au zaidi kutoka kilele chake. Kiswahili kina jina la mnyama huyo, tulilolipata kwa Waarabu, ila jina hilo halibebi picha ya bei kuanguka. Katika makala ya historia ya masoko, mtaje na umweleze. Kwenye kitufe, msomaji wa Mwanza akikuta "hisa za dubu" atajiuliza ni kampuni gani hiyo inayofuga.