Kura yangu naipa Nakku Harriet

Wiki hii mmetuuliza: kati ya nafasi zote alizocheza Lupita Nyong'o kwenye filamu, ipi imezizidi nyingine? Najua wengi watamtaja Patsey, mtumwa wa shamba la pamba katika 12 Years a Slave, na siwalaumu. Ndiye aliyempa Oscar ya mwigizaji msaidizi mwaka 2014, Mkenya wa kwanza kuipata. Pale anapomweleza bwana wake kwamba alitoka kwenda kutafuta kipande cha sabuni tu, maana ananuka hadi anajichefua mwenyewe, sijui nani anaweza kupasahau.

Hata hivyo kura yangu inakwenda kwa Nakku Harriet wa Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016.

Harriet ni mjane wa Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala, na mama yake Phiona Mutesi, binti anayeinukia kuwa bingwa wa sataranji. Hadithi ni ya binti, vikombe ni vya binti, lakini mama akiingia tu, macho yote kwake. Lupita alikuwa ndiyo kwanza ameingia miaka ya thelathini, na hapo anacheza mama wa watoto waliokwisha kubalehe! Umri anautia shingoni na kwenye mwendo: anatembea kama mtu ambaye jua likizama kabla hajauza chochote, watoto watalala njaa. Kocha Robert Katende, anayechezwa na David Oyelowo, anapoeleza huo mchezo, Harriet anashuku kuwa ni kamari. Usoni mwake humwoni mama mjinga asiyejua mambo. Unamwona mama aliyekwisha kudanganywa na wanaume wenye maneno matamu, anayepima kama huyu naye ni walewale.

Halafu kuna suala la mafuta ya taa. Phiona anataka kusoma usiku, pesa ya mafuta hakuna, na Harriet anakwenda kuuza nguo anayoithamini ili taa iwake. Hakuna hotuba ya mama mwenye kujitoa mhanga. Ni biashara tu, na uso umekazwa.

Watakaoitaja Us, filamu ya kutisha ya 2019, wana hoja, tena nzito. Kucheza Adelaide na Red, kivuli chake anayefanana naye kama pacha, mmoja akiongea kawaida na mwingine kwa sauti iliyokauka kooni, ni kazi ngumu kuliko ya Harriet, na kunyimwa hata uteuzi wa Oscar kulikuwa uonevu. Nakia wa Black Panther? Mzuri, lakini filamu haikumpa nafasi ya kutosha. Maz Kanata wa Star Wars, mbwamwitu Raksha, roboti Roz: hao ni wahusika wa kuchorwa kwa kompyuta, zote hizo tumempata bila uso wake, na uso ule ndio nusu ya kipaji chenyewe.

Kinachonikera kwenye Queen of Katwe ni lugha. Filamu ni ya Disney, kwa hiyo familia ya Katwe inaongea Kiingereza karibu mwanzo hadi mwisho, hata wakiwa peke yao nyumbani. Harriet akimfokea Night, binti yake mkubwa aliyemfuata mwanamume, alistahili kufoka kwa Kiganda, maandishi ya tafsiri yapite chini, na wasioelewa wasome.