Hedifoni moja kwa gemu na muziki, fedha ikiwa kidogo

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu walio katika hali moja: fedha inatosha hedifoni moja tu, na hiyo moja inatakiwa itumike kwenye gemu usiku na kwenye muziki mchana. Nimezijibu moja baada ya nyingine.

Nikinunua hedifoni za muziki badala ya hizi zilizoandikwa "za gemu", nitakosa nini?

Utakosa maiki. Vingine vyote utaishi bila kuvikumbuka. Mlio wa risasi na mlio wa gitaa vinatoka mahali pamoja, kwenye kiwambo chembamba cha spika kinachotikisika karibu na sikio lako, na kiwambo hicho hakijui kama unacheza au unasikiliza. Hedseti ya gemu ni hedifoni iliyoongezwa maiki, mara nyingi na taa za rangi, pamoja na programu ya kuendesha taa hizo. Kila nyongeza inakula sehemu ya fedha yako. Kwa bei ileile, hedifoni isiyo na mapambo kwa kawaida inabakiwa na fedha nyingi zaidi ya kutumia kwenye spika na kwenye mito ya masikio.

Sisemi hedseti zote ni mbovu. HyperX Cloud, kwa mfano, ilitokana na muundo wa Takstar Pro 80, hedifoni ya kusikilizia muziki, na ndiyo maana hedseti ile ilisikika vizuri hata gemu ilipozimwa.

Kitu cha kutafuta ni uwiano. Besi ikizidishwa, kila mlipuko unakutikisa na unajiona umepata mali. Lakini besi hiyohiyo inameza hatua za adui anayekunyemelea nyuma ya ukuta, kisha ukihamia kwenye muziki inameza sauti ya mwimbaji. Hedifoni inayokuwezesha kusikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti ndiyo itakayokuwezesha kusikia adui akibadilisha risasi. Kwa hiyo usijione unagawanya fedha kati ya mambo mawili. Ukitafuta sauti safi ya muziki, ya gemu umeshaipata humohumo.

Je, ya bei kubwa lazima iwe na sauti nzuri zaidi?

Hapana. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha kazi iliyolinganisha vipimo vya hedifoni 283 na bei zake. Hakuona uhusiano kati ya bei na namna hedifoni inavyogawa masafa, yaani uzito inaoipa besi, sauti za kati na sauti za juu. Fedha ya ziada inaenda kwenye chuma badala ya plastiki, ngozi, betri, teknolojia ya kuzuia kelele, na jina. Baadhi ya hivyo vina thamani yake, ila si sauti. Koss Porta Pro ilianza kuuzwa mwaka 1984, ni nyepesi, ni ya bei ya chini, na hadi leo inatengenezwa kwa sura ileile, kwa sababu watu wanaojali muziki hawajaacha kuinunua.

Boksi limeandikwa "7.1 surround". Nilipie ziada?

Usilipie. Maandishi hayo yanaahidi sauti ya kukuzunguka, kana kwamba una spika saba pande zote na moja ya besi. Swali hili limeletwa na watu wengi kuliko mengine yote, kwa hiyo nilieleze vizuri.

Una masikio mawili, na kwa hayo mawili unajua kama mtu amekuita kutoka nyuma, juu au kushoto. Ubongo unafanya kazi hiyo kwa dalili chache. Sauti inayotoka kulia inafika sikio la kulia kabla ya la kushoto, kwa tofauti isiyofika hata milisekunde moja. Inafika pia ikiwa na nguvu zaidi, kwa kuwa kichwa kinaziba njia ya kwenda upande wa pili, hasa kwa sauti za juu. Halafu mikunjo ya sikio inabadilisha sauti kidogo kulingana na inakotoka, na hapo ndipo unapotambua mbele na nyuma, juu na chini.

Kompyuta inaweza kuziiga dalili hizo zote na kuzipeleka kwenye spika mbili za kawaida. Wataalamu wanaliita jambo hilo HRTF. Karibu kila hedseti yenye maandishi ya 7.1 ina spika mbili tu ndani, moja kila upande, na hiyo "7.1" ni hesabu inayofanywa na programu. Hesabu hiyo unaweza kuipata bila kulipa. Windows 10 na 11 zina Windows Sonic, haidai hedifoni maalumu wala fedha. Gemu ya Valorant ina chaguo la HRTF kwenye mipangilio yake ya sauti. PlayStation 5 nayo ina mfumo wake wa sauti ya pande tatu unaofanya kazi na hedifoni yoyote utakayoichomeka kwenye kidhibiti.

Jambo moja linaharibu kazi hii: kuwasha mbili kwa pamoja. Gemu ikishafanya hesabu yake ya mwelekeo, kisha hedseti ikaifanyia hesabu nyingine juu yake, hatua zinasikika zikielea kila mahali. Chagua moja, na ninashauri iwe ile ya ndani ya gemu, maana gemu ndiyo inayojua adui yuko wapi. Hedifoni iache kwenye stereo, yaani njia mbili za kawaida, kulia na kushoto. Ukihamia kwenye muziki, zima yote. Wimbo ulipangwa kwa njia mbili, na mwangwi wa bandia unaupotezea sura.

Za wazi na zilizofungwa, nichague zipi?

Tazama mgongo wa kikombe. Za wazi zina matundu au wavu, hewa inapita, na sauti inasikika pana kana kwamba ala zimetawanyika chumbani. Kwa gemu za kusikilizia mwelekeo na kwa muziki wa ala nyingi mimi nazipenda hizi kuliko zote, na sikio halichemki. Philips SHP9500 ilijipatia jina kwa sababu hiyo, kwa kuwa iliuleta upana huo kwa watu wasio na fedha nyingi. Hasara yake ni kwamba kila aliye karibu atasikia unachosikiliza, na wewe utasikia feni, televisheni na mazungumzo ya wenzako.

Kama unalala chumba kimoja na mtu mwingine, au unacheza mahali penye kelele, chukua zilizofungwa bila kusitasita. Hedifoni ya wazi kwenye kelele inakulazimisha kupandisha sauti, na huko mwisho wake ni kuumiza masikio.

Natumia za Bluetooth. Naona moto wa bunduki kwanza, mlio unafuata. Tatizo ni simu au hedifoni?

Ni Bluetooth yenyewe. Sauti inabanwa, inarushwa, inafunguliwa, na kwa mfumo wa kawaida wa SBC kazi hiyo mara nyingi huchukua milisekunde 150 hadi 250. Kwenye gemu inayoonyesha picha 60 kwa sekunde, milisekunde 200 ni picha 12 zilizokupita. Kwenye muziki huoni chochote, kwa kuwa wimbo wote umechelewa kwa pamoja. Kwenye video nyingi programu inachelewesha picha ili zikutane. Gemu haiwezi kufanya hivyo, inakungoja wewe ubonyeze.

Kuna la pili ambalo wengi hawalijui. Kwenye vifaa vingi, ukiwasha maiki ya hedifoni ya Bluetooth ili uongee na wenzako, muunganisho unahamia mfumo wa kupigia simu, na papo hapo sauti ya gemu inakuwa ya njia moja, nyembamba, kama ya simu. Hedifoni haijaharibika. Suluhisho ni kutumia maiki nyingine na kuiacha Bluetooth ifanye kazi ya kusikiliza tu.

Ukitaka kukata waya kwa ajili ya gemu, tafuta zinazokuja na kipokeo chake cha USB kinachotumia 2.4 GHz. Ucheleweshaji wake ni mdogo sana. Lakini kwa bajeti finyu, waya unashinda: hauchelewi, hauchajiwi, na hauna betri itakayochoka baada ya miaka michache na kuiua hedifoni ambayo spika zake bado nzima.

Shikamoo mwandishi. Nimeona hedifoni moja ina matoleo ya omu 32, 80 na 250. Mimi nachomeka kwenye simu na kwenye kidhibiti cha gemu.

Marahaba. Chukua ya 32. Bila shaka umeiona Beyerdynamic DT 770 Pro, inauzwa kwa matoleo hayo matatu. Omu ni kipimo cha ukinzani wa hedifoni kwa umeme. Omu nyingi zinadai volti zaidi ili zifike sauti ileile, na simu au kidhibiti havina volti hizo. Ya 250 itasikika kwa mbali mpaka uinunulie amplifaya. Namba kubwa hapa haina maana ya ubora.

Spika za milimita 50 zinazidi za milimita 40? Na "10 hadi 40,000 Hz"?

Zote mbili ni namba za kupambia boksi. Ukubwa wa spika hausemi imetengenezwa vipi. Sikio la binadamu mwenye afya husikia kati ya hezi 20 na 20,000, na upande wa juu unapungua kadiri umri unavyokwenda.

Nikiacha hedseti, nitaongeaje na wenzangu?

Njia ni tatu. Kama unachezea mezani, maiki ndogo ya USB inatosha na mara nyingi inakutoa vizuri kuliko maiki ya hedseti. Kama hedifoni yako ina waya wa kuchomoa wenye tundu la 3.5 mm, kuna waya zenye maiki, V-MODA BoomPro ni mojawapo, zinazochukua nafasi ya waya wa awali. Kagua kwanza kama tundu la hedifoni yako linaipokea pini hiyo. Ya tatu ni maiki ya kubandika pembeni mwa kikombe.

Angalia na pini. Yenye mistari mitatu inabeba sauti na maiki pamoja, ndiyo inayotakiwa na simu na vidhibiti. Yenye mistari miwili inabeba sauti tu. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili, la sauti na la maiki, kwa hiyo utahitaji waya mfupi wa kugawa pini hiyo moja kuwa mbili.

Navaa miwani. Baada ya saa moja kichwa kinauma na besi inapotea.

Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja. Mikono ya miwani inainua mto, hewa inavuja, besi inatoka na hewa. Na hedifoni inayobana inagandamiza mikono hiyo kwenye fuvu. Tafuta mito minene na laini ya kitambaa cha mahameli, inakubali umbo la miwani kuliko ngozi ya bandia. Chagua pia hedifoni nyepesi, chini ya gramu 300 ukiweza. Kama za sasa zinabana, tanua upinde wake usiku kucha juu ya vitabu vyenye upana uliozidi kichwa chako kidogo.

Nina hedifoni ya bei rahisi na sina fedha ya nyingine. Ninaweza kuiboresha?

Unaweza, na ningependa kila mtu ajaribu hili kabla ya kununua. Kwenye Windows sakinisha Equalizer APO, programu ya bure ya kupandisha au kushusha besi, sauti za kati na sauti za juu. Kisha tafuta mradi wa AutoEq, nao wa bure, wenye marekebisho yaliyokokotolewa kwa hedifoni nyingi sana kulingana na vipimo vyake. Kama yako imo, nakili namba zake. Kama haimo, punguza besi kidogo kidogo mpaka sauti za watu zitoke wazi. Kupunguza ni salama kuliko kuongeza. Ukiongeza popote, shusha na sauti ya jumla kwa kiasi hichohicho isije ikapasuka.

Kagua mito pia. Ikishabonyea na kuchanika, sauti imeshabadilika, na mito mipya ni nafuu mno kuliko hedifoni mpya. Kwa zile ndogo za kuingiza sikioni, jaribu mipira ya saizi nyingine. Mpira usioziba vizuri unaondoa besi yote.

Mwanangu ana miaka 13 na havui hedifoni. Je, masikio yake yako salama?

Inategemea sauti na muda kwa pamoja, mama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, wa mwaka 2019 unaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na desibeli 75 kwa muda huohuo kwa watoto. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama unakatika nusu. Kwa hiyo kwa mtoto, desibeli 78 ni saa 20 kwa wiki, 81 ni saa 10, 84 ni saa 5 tu.

Hatari ya gemu ni kwamba mchezaji anapandisha sauti ili asikie hatua, halafu bomu linalipuka kwa sauti hiyohiyo. Gemu nyingi zina chaguo la kupunguza tofauti hiyo, mara nyingi limeitwa "night mode". Mwashie hilo, na simu nyingi zina kikomo cha sauti unachoweza kukifunga kwa namba ya siri. Akikwambia masikio yanalia au sauti zimezibwa baada ya kucheza, avue na apumzike siku hiyo, na hali hiyo ikijirudia mpeleke apimwe.

Nimepata iliyotumika. Nikague nini?

Cheza wimbo unaoujua, kisha tikisa waya karibu na pini na karibu na kikombe, sauti isikatike. Weka rekodi ya mono, yenye sauti ileile kulia na kushoto, usikilize kama pande zote zina nguvu sawa. Pandisha besi kwa sauti ya kawaida, na ukisikia mkwaruzo spika imechoka, usinunue. Mito na waya zilizochakaa zisikutishe kama vipuri vyake vinapatikana. Iliyotumia betri iliyogundishwa ndani, iache.